Nyuso Nane kwa Filamu Moja

Jumatano, 25 Juni 1975

Sijamwambia mtu hili, hata Bibi. Nilimdanganya Mzee Anselm. Aliniuliza kama nimewahi kupiga picha, nikaitikia kwa kichwa. Sijawahi. Nilishika kamera mara moja tu, siku ya harusi ya dada Hana, mwenye kamera alipoinama kufunga kamba za viatu. Lakini nilishika vizuri. Sikuiangusha.

Sasa iko chini ya kitanda changu, imeviringishwa kwenye kitenge. Kamera ya sanduku ya Mzee Anselm mwenyewe, mpiga picha wa Misigiri. Mguu wake mbovu haumruhusu tena kuzunguka vijijini kwa baiskeli. Ndani mna filamu moja ya picha nane. Hana nyingine, na madukani hakuna. Kamati ya kijiji chetu ina wajumbe wanane. Sura zao zinatakiwa ukutani katika ofisi mpya siku ya Saba Saba, ili watu waliohamia mwaka jana wajue nani ni nani. Wengi bado wanamwamkia mlinzi wa ghala wakidhani ndiye mwenyekiti.

Picha zikitoka vizuri, Mzee Anselm atanichukua nijifunze kazi kwake. Zikiharibika, atamjaribu Theodora wa darasa letu, na mimi nitakwenda Sepuka kwa shangazi Yunisi aliyejifungua mapacha. Nawapenda mapacha. Lakini nilimaliza darasa la saba Novemba, na tangu hapo hakuna aliyenikabidhi kitu kinachoweza kuvunjika. Nashukuru sana.

Ijumaa, 27 Juni

Mazoezi bila kufyatua. Nimempiga Bibi, nimempiga jogoo, nimempiga tena Bibi akifukuza jogoo. Masharti ya Mzee Anselm nimeyakariri: jua liwe mgongoni kwako, mtu akae ukingoni mwa kivuli, hatua nne, zuia pumzi, fyatua, zungusha kitufe. Usiposahau kuzungusha, picha mbili hazitakaa juu ya moja.

Nimegundua jambo la ajabu. Kamera hii unaitazama kwa juu, ukiwa umeinamisha kichwa, kama unavyomwamkia mkubwa. Na humo ndani kwenye kioo kidogo unauona uso wake wote. Mimi sijawahi kuuona uso wa mwenyekiti wetu, Mzee Mughwai. Namjua kwa mkanda wake wa suruali. Aliyeunda kitu hiki lazima alikuwa mtu mwenye haya. Namshukuru popote alipo.

Tatizo ni moja. Mzee Anselm anasema picha ya uso haiji bila maneno. Lazima umwambie mtu ageuke, ainue kidevu, alegeze mabega. Nitamwambiaje mzee ainue kidevu? Nimepata njia. Nitaandika maagizo kwenye karatasi. Nitampa, atasoma, atafanya, mimi nitakaa kimya. Nashangaa hakuna aliyefikiria hili kabla.

Jumamosi, 28 Juni

Mzee Alute alikuwa wa kwanza. Nilisahau kwamba yeye yuko katika darasa la watu wazima na ndiyo kwanza amefika silabi za herufi tatu.

Alipokea karatasi kwa mikono miwili. Akaanza. I-nu-a. Watu wakakusanyika. Ki-de-vu. Jua lilikuwa linahama. Alipofika "tafadhali" darasa lake lote lilikuwa limekwisha kufika, na mwalimu wao akamwambia arudie kwa sauti. Alirudia. Wakampigia makofi. Nilishtuka na makofi, kidole kikafyatua.

Picha moja imekwenda, nayo ni ya kofia ya Mzee Alute akiwa ameinamia karatasi. Theodora alikuwepo. Aliniuliza kwa upole kama sasa tunapiga picha wajumbe au kofia za wajumbe. Halafu akanipa muwa. Nilishukuru kwa muwa.

Mzee Alute ameiweka karatasi mfukoni. Anasema hii ni barua ya kwanza maishani mwake.

Jumatatu, 30 Juni

Siku njema. Mzee Alute alirudi mwenyewe, akakaa, akatoa karatasi, akaisoma yote kwa pumzi moja kama katibu wa wilaya. Alipomaliza neno la mwisho aliinua kichwa aone kama nimesikia. Ule uso! Nilifyatua. Nadhani nimeelewa kitu: mpe mtu kazi anayoipenda, halafu ngoja aimalize.

Baada yake nilimpiga Mwenyekiti akihesabu mifuko ya mbegu, na wajumbe wanne wengine kila mmoja na shughuli yake. Nimezungusha kitufe kila mara. Mzee Mughwai ana kovu dogo juu ya jicho na macho ya kucheka. Miaka yote hii sikujua.

Sita wamekwisha. Wamebaki wawili. Picha imebaki moja.

Jumatano, 2 Julai

Wangebaki wawili wowote wengine, ningewakalisha pamoja kwenye benchi, nikafyatua, nikakata katikati kwa mkasi. Lakini waliobaki ni Mzee Nathanaeli, mtunza ghala, na Mama Cecilia wa akina mama. Mzee Nathanaeli amemwoa Martina, binti wa Mama Cecilia. Mtu na mkwe wake.

Kwa hiyo hawakai benchi moja. Hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mtama. Kamati ikikaa, Mzee Nathanaeli yuko ndani na Mama Cecilia yuko nje ya mlango, mgongo kwetu, na Mwenyekiti anapeleka maneno huku na huku kama mtu anayechota maji. Wamejadili bajeti nzima ya trekta hivyo.

Kumwambia Mzee Anselm kwamba nilipoteza picha moja kwa sababu ya makofi, siwezi. Nimefikiri mpaka uji ukaungua. Halafu nikakumbuka ile picha ukutani kwake, Mzee Anselm akinywa chai na Mzee Anselm. Alinieleza siri yake: unaziba nusu ya jicho la kamera kwa kadibodi, unafyatua, huzungushi, unahamisha kadibodi upande wa pili, unafyatua tena. Alisema pia huo ni mchezo wa mtu aliyefanya kazi miaka kumi. Lakini mimi simpigi mtu anayekunywa chai. Wangu wametulia tu.

Asubuhi Mama Cecilia, upande huu. Alasiri Mzee Nathanaeli, upande ule. Benchi lile lile, hawataonana hata kivuli. Halafu mkasi. Nimekata kadibodi kwenye boksi la sabuni.

Alhamisi, 3 Julai

Imefanyika! Kamera ilishinda juu ya kinu tangu asubuhi bila kusogezwa. Bibi aliilinda kwa fimbo. Kuku wawili walipigwa, na balozi mmoja wa nyumba kumi aliyetaka kuchungulia.

Mama Cecilia alikuja mapema, akakaa wima, akachambua mboga. Aliniuliza kama Mungu ananiongoza. Nikasema ndiyo. Akasema basi nipige tu.

Mzee Nathanaeli alikuja jua likiwa upande mwingine, na saa yake mkononi. Ndiyo saa pekee ya mkononi katika kijiji chetu. Alitaka ionekane. Alijaribu kuiweka gotini, akajaribu kifuani, mwisho akaunyoosha mkono wote juu ya egemeo la benchi, saa ikimulika. Nilitaka kumwambia aurudishe. Nilifungua mdomo. Ilitoka shikamoo. Akaitikia marahaba, nikafyatua.

Nawashukuru wote wawili. Namshukuru Bibi. Nashukuru hata kuku.

Jumamosi, 5 Julai

Misigiri na kurudi kwa miguu. Mzee Anselm alisafisha picha mimi nikiwa nimesimama nyuma yake gizani. Zilianza kutokea polepole ndani ya maji. Alipofika kwa Mzee Alute aliinamia maji. Akaiinua kwa vidole viwili, akaniambia hajawahi kufundisha mtu kupata uso kama ule. Nilitamani siku iishie hapo.

Picha ya mwisho ikatokea. Mama Cecilia kushoto, Mzee Nathanaeli kulia, benchi moja. Na mkono wa Mzee Nathanaeli umekumbatia bega la mkwe wake. Kila kidole kinaonekana, na saa pia. Naye Mzee Nathanaeli anatabasamu.

Mzee Anselm alicheka mpaka akakaa. Halafu akaacha kucheka. Alieleza kwamba kadibodi haikati kama kisu, katikati hufifia tu, kwa hiyo watu wawili lazima wakae pembeni kabisa na mikono yao wakae nayo. Nilimwomba anisamehe. Akasema msamaha si wake. Atakuja Saba Saba kwa trela la trekta aone wenye sura watasemaje, na hapo ndipo atanipa jibu langu.

Nyumbani nilikata kwa mkasi. Mzee Nathanaeli akabaki bila mkono, Mama Cecilia akabaki na mitatu. Huo wa tatu nikaupaka wino. Sasa anaonekana ana ndege begani. Saa haikukubali wino.

Jumatatu, 7 Julai. Saba Saba

Niandike kwa mpangilio.

Picha zilibandikwa asubuhi. Theodora alisimama mbele ya ukuta akiwaeleza watu nani ni nani, kama vile alizipiga yeye. Mimi nilikuwa nyuma ya ghala. Nilisikia akiulizwa Mama Cecilia ana nini begani. Alisema kunguru. Halafu nikasikia sauti ya Bibi yangu, naye hana sauti ndogo, akisema kunguru gani huyo anayevaa saa ya Nathanaeli.

Zikazuka kelele. Mzee Nathanaeli alisukuma watu, akaona, akatoka mbio akaja kujificha nyuma ya ghala, akanikuta mimi. Tulisimama pale wote wawili. Aliniuliza kwa sauti ndogo nimemfanya nini. Alisema atahama. Alisema amejenga heshima ile miaka ishirini na miwili.

Mwenyekiti akaniita. Watu wote wamekaa, Mzee Anselm mbele kwenye kiti, mguu umenyooshwa. Akaniambia niseme mbele ya kijiji: hawa wawili walikaa pamoja au hawakukaa? Niliangalia chini. Kamera ilikuwa shingoni, haina filamu. Nikafungua kioo chake, nikainama, nikawaona wote humo, wadogo, nyuso zao zote. Nikaiambia kamera. Nikasema Mama Cecilia alikaa asubuhi, Mzee Nathanaeli alikaa alasiri, na katikati benchi lilikaliwa na kuku. Nikasema kosa ni langu na kadibodi yangu, kwa sababu niliogopa kusema nimeharibu picha moja. Nikasema kwamba ninawashukuru kwa nyuso zao.

Mzee Alute alisimama akasema mkono wa karatasi umegusa bega la karatasi, na yeye sasa anajua karatasi ni nini. Watu wakacheka kidogo.

Mama Cecilia alikuwa nje ya mlango wa ofisi, mgongo kwa watu. Akaomba aletewe picha ya mkwe wake. Theodora akaipeleka. Aliishika karibu, akaishika mbali. Halafu akasema, bila kugeuka, kwamba tangu Nathanaeli amwoe Martina yeye amemjua kwa kikohozi na kwa miguu. Kumbe ana uso mpole hivi. Kumbe naye amezeeka. Akasema, "Mwambieni nimemwona, na nimefurahi."

Mwenyekiti akageuka kupeleka maneno kama kawaida yake, ingawa kila mtu alikuwa amesikia. Mzee Nathanaeli alijibu kutoka nyuma ya ghala kwamba mkwe wake aambiwe asante. Baadaye, watu walipokwenda kwenye ngoma, nilimwona akiingia ofisini peke yake kutazama picha ya mama yule. Alikaa sana. Alipotoka alikuwa anajipangusa macho, akaniuliza mkono wake wa pili nimeuweka wapi.

Mzee Anselm amenichukua. Kwa ajili ya uso wa Mzee Alute, amesema, na kwa sababu nilisema ukweli ingawa kwa kuuambia mkebe. Nitafagia na kupangusa miezi mitatu kabla ya kugusa kamera tena. Kadibodi yangu ameichoma mbele yangu. Nashukuru, nashukuru, nashukuru.

Jumanne, 8 Julai

Asubuhi wamekuja mama watano, mmoja mmoja, kila mmoja kwa mlango wa nyuma. Kila mmoja ana mkwe ambaye hajawahi kumwona uso. Kila mmoja aliomba picha yake kwa siri. Nilitaka kuwaambia kwamba siruhusiwi. Nilifungua mdomo. Kila mara ilitoka ndiyo, mama.

Lakini nimefikiri vizuri safari hii. Mzee Anselm hulala baada ya ugali. Kwenye kamera yake ya studio imebaki picha moja. Wakwe watano, picha moja, kadibodi mpya nimeikata vipande vitano. Nitawaambia mikono yote waifiche mgongoni, hata wenye saa.

Wewe unayesoma hapa, nakushukuru kwa kunisikiliza. Sasa tafadhali nyamaza. Usimwambie Mzee Anselm, wala Theodora, na wakwe wenyewe usiwaambie kabisa, kwa sababu bado hawajui kwamba watapigwa pamoja.