Picha Mia Tatu na Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Mkutubi Mkuu katangaza asubuhi kwamba Ijumaa kompyuta ya zamani inaondoka. Kadi za wasomaji zitahamia kwenye mfumo mpya, jina na namba tu. Sehemu ya "Maelezo" haihami.

Ile sehemu ni ya marehemu baba! Miaka thelathini alikaa kwenye kiti hiki hiki ninachokalia, akiandika vijineno chini ya kila kadi. "Huyu hurudisha vitabu vikinuka vitunguu. Msimkemee, husoma huku akipika." "Huyu hulia sura ya mwisho. Apewe kiti cha pembeni." Nikizisoma namsikia kabisa, hata kile kikohozi chake cha kabla ya kucheka. Nimemkumbuka sana leo.

Jioni nikamweleza mama. Akasema sauti ya mzee imeanza kumtoka masikioni, nimletee maneno yake kabla hayajafutwa. Nimeahidi. Kadi mia tatu na kumi na mbili. Kazi ndogo!

Jumanne, 4 Machi
Nimenakili kwa mkono. Kadi kumi na moja, vidole vikagoma. Nikajaribu simu. Kila picha imetoka na upara wangu uking'aa katikati ya skrini.

Kaja fundi wa kompyuta. Kumbe namjua! Ni yule binti niliyemfukuza humu miaka kumi na mitano iliyopita kwa kula karanga. Baba alimfuata nje akamrudisha mwenyewe, kisha akaandika: "Huyu hula karanga. Mwacheni, anasoma." Leo ana mkoba wa ngozi. Akasema amezisoma kadi zote, hata yangu, na nikiwa na swali niulize tu. Nikasema sina. Nimuulize yeye? Afadhali nimeze kalamu.

Jumatano, 5 Machi
Mbinu mpya: kumwibia ujuzi kwa macho. Nikajifanya napanguza rafu nyuma yake. Lo! Kupiga picha ya skrini ni kitufe kimoja, cha juu kulia. Tangu niajiriwe sijawahi kukigusa. Fundi mwenyewe ana vituko. Anabonyeza polepole kama anayepapasa yai, tena anajisemea kwa sauti: kwanza hiki, halafu... Sikungoja halafu. Mwenye macho haambiwi tazama.

Alipokwenda kula nikaanza. Kitufe, kadi nyingine, kitufe. Nimejihisi kijana. Zamani baba akipiga muhuri kwenye vitabu nilikuwa nikihesabu milio yake, tak, tak, mpaka nasinzia chini ya meza.

Ijumaa, 7 Machi
Nilikuja kabla ya mfagizi, nikaanza upya kwa mpangilio mzuri. Saa nne nimemaliza zote! Kadi yangu mwenyewe niliiacha mwisho, kama mtoto anavyoacha nyama pembeni ya sahani. Sikuisoma. Nikabonyeza tu, maana fundi alikuwa anaingia.

Sasa kuzitoa. Nikarudi kwenye rafu na kitambaa changu. Safari hii nikangoja hiyo halafu. Fundi akajisemea kwa sauti zaidi: unafungua ukurasa mtupu, Kontroli na V, na kila picha uibandike kabla ya kupiga nyingine, kwa sababu kompyuta hii hushika moja tu.

Moja tu!

Nikakimbilia mezani. Ukurasa mtupu, Kontroli na V. Ikatoka picha moja. Kadi yangu, ya nilipokuwa na miaka tisa.

"Mwanangu. Haulizi kitabu kilipo, hutafuta mpaka tunafunga. Aliye zamu akiache mahali atakapokiona, ajifanye amekisahau."

Wapagazi walikuwa mlangoni. Nikayaandika maneno yale kiganjani, wakaibeba kompyuta. Picha mia tatu na kumi na moja, zote zimepotea. Nimemlilia baba chooni, bila aibu. Mama nimemdanganya kwamba kazi inaendelea.

Jumatatu, 10 Machi
Ushindi! Fundi, kichwa maji yule, kasahau flashi yake mezani kwangu, tena juu ya miwani yangu. Nikaichungulia kwenye kompyuta mpya. Kadi zote! Picha mia tatu na kumi na mbili, zimepangwa kwa namba! Alipopita nikaitia mfukoni haraka. Hakuuliza kitu. Alitabasamu tu, anatafuna karanga. Masikini, hajui kama kaibiwa.

Jioni nikamsomea mama. Alicheka, akalia, akacheka tena. Akakiiga kile kikohozi, nyumba nzima ikawa na baba. Kadi yangu alitaka niirudie mara mbili. Kisha akauliza kama nimemshukuru yule binti.

Nimshukuru kwa lipi? Flashi kaisahau mwenyewe! Bila macho yangu makali tungekuwa wapi?

Mama akasema haya mwanangu, akanipapasa upara.

Anataka nimchapishie karatasini, aziweke kando ya kitanda. Mashine ya kuchapa ni mpya, ina vitufe kumi na vinne, na anayeijua ni fundi peke yake. Hainipi shida. Kesho napanguza rafu.