Kapteni Karai Atua Kawangware

Jumatatu, 3 Machi 2025
Siku ya tisa bila mke. Trizah bado yuko Kawangware kwa dadake, Lenah. Na kosa langu lilikuwa dogo tu! Miaka mitatu tumemtengeneza Kapteni Karai pamoja, shujaa wa katuni anayepaa na karai kichwani. Mimi nachora, Trizah anaandika maneno, tunatoa kopi na kuuza hapa Laini Saba, Kibera. Toleo la kumi nikaandika juu jina langu tu: Kazi ya Shiundu. Basi. Akafunga nguo zake bila kugombana. Afadhali angegombana.

Toleo la kumi na moja nimeandika maneno mwenyewe. Kapteni anamwambia mwizi wa mitungi, "Wewe ni mbaya. Acha." Hakuna aliyenunua.

Mpango: Trizah hasomi tena karatasi zangu, lakini redio husikiliza. Kapteni ataingia redioni!

Jumatano, 5 Machi
Redio ya mtaa, Sarang'ombe. Mtangazaji, Dalmas, akanisikiliza kidogo tu. "Buda, hiyo sauti ni ya mtu anatafuta choo." Akajifanya Kapteni yeye mwenyewe, sauti nzito, majigambo tele. Mimi nikapewa kazi ya kugonga karai kwa mwiko ili watu wajue shujaa anapaa. Nimegonga nusu saa. Msikilizaji akapiga simu kuuliza ni nani amefiwa na sufuria.

Lakini Trizah ametuma ujumbe! "Nimeskia. Huyo si Kapteni wetu. Wetu huogopa kwanza." Nimeusoma mara thelathini. Ameandika "wetu".

Ijumaa, 7 Machi
Mpango mpya: jukwaani! Kesho mchana, ukumbi wa kanisa karibu na kwa Lenah. Kapteni nitakuwa mimi, akiruka kwa kamba mbele ya macho ya Trizah. Dalmas aliitaka nafasi hiyo, nikamwambia gwanda la Kapteni halimtoshi kitambi. Sikumwonyesha gwanda. Atavuta kamba.

Lenah amesema Trizah atakuja, pamoja na mgeni kutoka nyumbani Butere. Vizuri! Sikuuliza mgeni gani.

Jumamosi, 8 Machi
Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefura.

Nilipaa vizuri. Kisha Dalmas akaachilia kamba ili awapungie watu mkono. Karai likaniziba macho. Nikatua mapajani mwa mtu wa safu ya mbele. Kwa bahati, mnene. Nikasema kishujaa, "Usiogope mama, niko hapa!" Nikainua karai.

Mama mkwe.

Mama mkwe! Mimi, mkwe wa Kiluhya, ambaye kwa miaka saba nikimwona njiani huingia kwenye mahindi tusikutane, kwa heshima! Hata mkono sijawahi kumpa, na sasa nimemkalia! Akajifunika leso usoni. Akamwita binti yake: "Trizah, mwambie huyu mtu ashuke."

Jumapili, 9 Machi
Kikao cha wazee kwa Lenah. Mama mkwe chumbani, mimi nje mlangoni, Trizah katikati akibeba maneno. Wazee wameamua: blanketi moja na jogoo wawili, ndipo aibu ifutwe. Nimekubali haraka. Blanketi nililitafuta jana, najua mila.

Mara ya tatu Trizah alipotoka kuniletea ujumbe, alisahau ujumbe. Akaketi kizingitini akacheka mpaka akashika ubavu. Nilikuwa nimeisahau sauti ile. Nikamwambia ukweli: bila yeye Kapteni hana la kusema, na mimi vilevile. Nikasema namkosa hata akiwa amenuna. Akajifuta machozi.

"Hukuwa na haja ya kuruka, Shiundu. Si ungekuja tu na miguu."

Jumanne, 11 Machi
Trizah yuko nyumbani! Ameandika maneno ya toleo jipya tangu asubuhi, sasa amelala na kalamu mkononi. Nimemfunika miguu. Nimemtazama sana. Nimeapa hakuna tena mipango ya kijinga.

Dalmas amepita. Kuna mtu alirekodi kule ukumbini na Kibera nzima imeona. Anasema tutoe filamu. Filamu! Kapteni kwenye skrini! Ila kile kipande cha kuanguka kirudiwe, mwanga ulikuwa mbaya, na hakuna mwigizaji anayeweza kushtuka kama yule mama.

Sikutaka kumwamsha Trizah kwa jambo dogo. Nimempigia mama mkwe mimi mwenyewe. Bado hajapokea.