Baiskeli Iko Upande Gani?

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeanza. Dunia ijiandae.

Niandike sababu, kwa faida ya watakaosoma daftari hili nikishakuwa maarufu. Wiki iliyopita ngazi ya stoo ilikatika chini yangu. Kiwanda kizima cha magodoro kikasema ni uzito. Uzushi mtupu. Ule mti ulikuwa na wivu wa siku nyingi. Lakini Meneja ametoa amri: Ijumaa tarehe 14 nipande ngazi mpya mara kumi bila kupumzika, yeye akitazama. Nikishindwa, miaka yangu kumi na tisa ya kutunza stoo basi tena. Nahamishiwa getini.

Geti halina neno. Mwenye neno ni mkuu wa geti. Ni Kufuli, kaka wa mke wangu. Nipige saluti kwa mtu ambaye siku ya harusi yangu mimi ndiye niliyemfunga tai?

Mpwa wangu ni mwalimu wa michezo. Kwa kupenda kwake kuamrisha namwita Filimbi. Kanichorea mpango. Siku ya kwanza naenda kazini kwa baiskeli, jioni narudi mbio, baiskeli inalala kazini. Siku ya pili naenda mbio, jioni narudi na baiskeli. Siku ya tatu, kama ya kwanza. Kilomita saba kila safari. Kanisomea mara tatu, kisha kauliza, Mjomba, imeingia? Nimemkumbusha kwamba mimi niliwahi kushindana na treni, nikafika stesheni, nikakata tiketi, nikaisubiri. Karatasi itanishindaje?

Kufuli naye kaafiki. Ana daftari la geti, kila kiingiacho na kitokacho anakiandika, hata paka. Leo kaandika: Baiskeli ya shemeji, imeingia.

Jioni nimetoka mbio, wenzangu wakipiga makofi. Nimekimbia mpaka pale ambapo makofi hayasikiki. Likapita lori la mchanga, dereva tunafahamiana. Nikashukia mtaa wa pili kutoka nyumbani, nikajimwagia maji ya chupa usoni. Mke wangu kanipepea kwa kifuniko cha sufuria mpaka mkono ukamuuma.

Jumanne, 4 Juni

Asubuhi: lori, kona, chupa. Nimeingia getini nahema kama mvukuto. Kufuli kanitazama kwa heshima, kitu ambacho hajakifanya tangu hiyo tai. Kasema, "Shemeji, kumbe unaweza." Jioni nimepanda baiskeli yangu nikaondoka, naye kaandika: Imetoka.

Mazoezi ni mepesi sana. Sielewi kwa nini wanaofanya hukonda.

Jumatano, 5 Juni

Nimeingia na baiskeli. Kaandika. Jioni nimetoka mbio. Nikasubiri lori kwenye kona. Hakuna lori. Fundi viatu mwenye kibanda hapo kaniambia barabara waliyokuwa wakiijenga imekwisha tangu mchana, na lori limekwenda zake. Serikali zinajenga barabara kwa haraka siku ambayo mtu hataki.

Nimejaribu kukimbia kweli. Nitaandika ukweli, daftari ni langu: nguzo ya tano ya umeme magoti yalianza kujadiliana. Nguzo ya saba yakaafikiana. Nikarudi kiwandani. Nikasema nimesahau kofia. Kufuli alikuwa amekwenda kunywa chai, na msaidizi wake alikuwa na redio sikioni, mpira umekolea. Nikapita na baiskeli mbele yake. Hakuandika kitu. Hakuinua hata jicho.

Nimelala kama mtoto.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeamka na kitendawili. Leo ni siku ya kwenda mbio na kurudi na baiskeli. Basi baiskeli inatakiwa iwe kazini. Iko ukumbini, imeegemea kabati la vyombo. Nikiingia nayo, Kufuli ataona inaingia mara ya pili bila kutoka.

Nimechora. Duara moja nyumbani, duara moja kazini, punje ya haragwe ndiyo baiskeli. Nikaisogeza huku, nikaisogeza kule, nikaanza kuona mwanga. Mke wangu akapita, akaiokota punje, akaitupa chunguni na wenzake. Kasema maharagwe ni ya kula. Sasa sijui baiskeli iko wapi hata kwenye karatasi.

Lakini akili ni nywele. Nimeendesha hadi kwa fundi viatu, nikaiacha nyuma ya kibanda chake, nikajimwagia chupa, nikaingia getini mbio. Safi kabisa.

Jioni Kufuli kasimama na kalamu yake. Kauliza baiskeli iko wapi, leo si siku ya kutoka nayo? Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimefikiria asubuhi tu, jioni sikuifikiria. Nikamwambia leo damu inachemka, nitakimbia tena, baiskeli ilale. Kanipa mkono. Kasema atamwambia dada yake kwamba hakukosea kuolewa na mimi. Nikakimbia hadi kwa fundi viatu, nikapanda, nikaenda nyumbani.

Alivyosema lile neno la dada yake, nilisikia kitu kifuani. Nadhani ni jua.

Ijumaa, 7 Juni

Siku mbaya. Niandike polepole, maana mwenyewe sijaielewa.

Asubuhi nimeacha baiskeli kwa fundi viatu, kama jana. Saa nne Kufuli kaingia stoo, kijasho chembamba kikimtoka. Kumbe jana roho ilimtuma wema. Kaleta grisi kutoka kwake, akitaka kunipakia mnyororo kabla sijatoka. Kaenda kwenye banda la baiskeli. Hamna kitu. Kazunguka kiwanda kizima, chooni, jikoni, nyuma ya marobota ya sponji. Hamna.

"Shemeji," kasema, "baiskeli yako imeibiwa, nami nikiwa getini."

Nilipandwa na hasira. Kweli kabisa. Nikatoka uani nikapaza sauti, nikasema mtu gani asiye na utu anaiba baiskeli ya mfanya mazoezi, nikataka watu wote wapekuliwe, nikasema enzi zangu nilimkamata mwizi kwa kumfuata harufu ya soksi. Wafanyakazi wakazima mashine kunisikiliza. Nilikuwa katikati ya soksi nilipokumbuka kwamba baiskeli iko kwa fundi viatu.

Kunyamaza ghafla nako kuna aibu yake. Nikamalizia kwa kukohoa.

Meneja kafika. Kaomba daftari la geti. Imeingia Jumatano, kutoka haikutoka. Kamwambia Kufuli kwamba kuta zina mita tatu na geti ni moja, basi ama ameipitisha yeye ama amelala kazini. Kampa hadi Jumatatu saa mbili asubuhi. Baiskeli ionekane, la sivyo akabidhi funguo na sare, aende zake nyumbani kabisa.

Kufuli ana miaka ishirini na mbili pale. Hajawahi kuchelewa hata siku mvua ilipokula daraja. Alisimama ameshika grisi yake.

Nilikusudia kusema. Mdomo ulifunguka. Kilichotoka ni "pole sana, shemeji."

Jioni kaja nyumbani kumwona dada yake. Nikawahi kuisukumia baiskeli kwenye kona ya ukumbi, nikaifunika shuka, nikaweka mto juu. Ikawa kama kochi. Kufuli kaja kukaa palepale. Kengele ikalia. Nikasema ni simu yangu. Kasema mlio mzuri. Kisha akalia machozi, mtu mzima yule, anauliza atawalishaje watoto, na kila akitikisika kengele inalia tena, nami nasema ngoja nitapokea baadaye.

Mke wangu alikuwa mlangoni na sinia la chai. Katazama shuka. Katazama kaka yake. Kanitazama mimi. Nimeoa miaka ishirini na sita, najua kimya cha kupumzika na kimya cha kunoa kisu.

Jumamosi, 8 Juni

Kisu kimetoka. Mke wangu kasema njia ya mwongo ni fupi, na yangu haifiki hata kilomita saba. Kasema Jumatatu saa moja na nusu, kama sijasema mimi, atasema yeye, mbele ya Meneja na wafanyakazi wote, na kuhusu treni pia atasema. Kasema alikuwepo stesheni siku hiyo. Nilikuwa nimelala kwenye benchi.

Nimemwambia atulie, mume ana mpango. Baiskeli imepotea ndani, basi ionekane ndani. Kesho kiwanda kimefungwa. Nitaipitisha juu ya ukuta wa nyuma, niiweke chini ya sponji mbovu, Jumatatu Kufuli aione, kila mtu acheke. Hakuna mwizi, hakuna mwongo. Kaniuliza kwa nini nisiingie na baiskeli getini nikasema ukweli, kazi ikaisha kwa dakika tano. Wanawake hawaelewi mambo ya ufundi.

Jirani yangu, fundi rangi, kaniazima ngazi. Kauliza napaka nini. Nimesema napaka jina langu upya.

Jumapili, 9 Juni

Nimepanda ukuta wa mita tatu na baiskeli begani. Iandikwe hivyo, yaliyobaki yasilifute hilo. Mara ya kwanza usukani ulininyonga. Mara ya pili pedeli iliingia mfukoni, tukashuka pamoja. Nilipanda na kushuka, kupanda na kushuka, sikuhesabu. Hatimaye nikakaa juu ya ukuta, mguu mmoja nje, mmoja ndani, baiskeli mapajani kama mgonjwa. Hapo ngazi ikaanguka.

Upande wa ndani ni mita tatu. Upande wa nje ni mita tatu. Nilipima mara kadhaa kwa macho.

Ndipo nikasikia sauti. Kufuli, ambaye Jumapili hulala hadi saa nne, alikuwa amemleta Meneja amwonyeshe kwamba ukuta hauna tundu la kupitisha hata bakuli. Wanakuja wanagusa ukuta, tofali kwa tofali. Wakafika chini yangu. Kengele ikalia.

Wakatazama juu.

Meneja kauliza kwa upole kabisa, "Unaitoa au unaiingiza?"

Swali gumu kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na nilifika darasa la saba. Nikisema naitoa, mwizi. Nikisema naiingiza, mwongo. Nikasema inategemea mtu amesimama upande gani.

Hawakucheka. Basi ikabidi nifungue ghala la maneno. Nikasema nimewafumania wezi. Watatu. Mmoja mrefu kiasi cha kuinama akipita chini ya nyaya za umeme. Nimepigana nao hapa juu, nimewanyang'anya, wamekimbia mguu niponye. Ilikuwa hadithi nzuri. Niliona Meneja anaanza kuiamini, nikamwongeza mwizi wa nne.

Meneja akamgeukia Kufuli. Kasema basi ni mbaya kuliko alivyodhani, wezi wanne wanaingia na kutoka kiwandani na mkuu wa geti hana habari. Asingojee Jumatatu. Atoe funguo sasa.

Kufuli hakubisha. Kavua kofia, kaifuta vumbi kwa kiwiko, kaanza kufungua funguo kiunoni. Pete ilikuwa ngumu. Kutoka juu niliona upara wake. Sikujua kama ana upara. Miaka yote hiyo kofia.

Nikasema, "Hakuna mwizi. Ni mimi. Jumatano."

Nikaeleza yote. Lori, chupa, kofia, fundi viatu, haragwe. Katikati nilijichanganya baiskeli ilikuwa wapi Alhamisi mchana, Kufuli akanisahihisha kutoka chini, alikuwa ameshaielewa kuliko mimi. Nikamaliza. Kisha Kufuli akaweka funguo kiunoni. Akavaa kofia. Akaenda zake.

Nikajua ndiyo basi. Nitakaa ukutani hadi Jumatatu.

Akarudi na magodoro mawili. Akayatandika chini yangu. Kasema, "Ruka, shemeji. Baiskeli kwanza."

Jumatatu, 10 Juni

Meneja kaniita ofisini. Kasema mtu aliyepanda ukuta wa mita tatu na baiskeli begani, mtihani wa ngazi ameufaulu, haina haja ya kungoja Ijumaa. Nikaanza kumshukuru. Kasema hajamaliza. Miguu haina kosa, kasema, ila stoo haiwezi kutunzwa na mtu asiyejua baiskeli yake mwenyewe iko wapi.

Nahamia getini. Kuanzia kesho. Chini ya Kufuli.

Mke wangu kapika maharagwe. Kaniwekea bakuli lililojaa. Nimekula bila kuuliza.

Ijumaa, 14 Juni

Siku yangu ya nne kama Mkuu Msaidizi wa Ulinzi. Hicho cheo hakijaandikwa popote bado, lakini mtu anahisi. Ukweli ni kwamba kiwanda kiliona ni hasara kumfungia stoo mtu anayezijua kuta kwa uzoefu. Wageni wanaopita nimewaeleza usiku nilivyopambana na wezi. Sasa wezi wamefika saba.

Saluti nampigia Kufuli mara moja tu, asubuhi. Mkono haujakatika. Ananifundisha kuandika daftari: kilichoingia, kilichotoka, saa. Kaniambia mpango wa Filimbi uendelee palepale, siku baiskeli, siku mbio, na kila kitu nikiandike mwenyewe kwa mkono wangu. Kasema ananiamini. Lile jua la kifuani limerudi, na leo kuna mawingu.

Nimekaa na daftari mchana kutwa, nikapitia mambo yote tangu mwanzo, mstari kwa mstari. Nimechora tena duara mbili. Na hatimaye nimeliona kosa langu. Liko wazi kabisa, nashangaa halikunijia mapema. Kukimbia kulinishinda kwa sababu kila siku baiskeli ilikuwa upande mmoja na mimi upande mwingine.

Haragwe moja halitoshi.

Yule jirani fundi rangi ana baiskeli kuukuu haitumii. Kakubali kuniazima. Jumatatu naanza upya: moja itakuwa nyumbani, moja kwa fundi viatu.