Trekta Lililopokewa kwa Mahari

Wananchi wote wa Kitale, Bungoma na viunga vyake wanaarifiwa kwamba Idara ya Mitambo Kongwe haijawahi kukosea. Nasema haya nikiwa Afisa wa Barua Zitokazo, daraja la pili, mwenye kiti kinachozunguka. Yale maneno ya soko la Chwele, ati Mkurugenzi wetu nusura aiozeshe ofisi nzima kwa trekta, ni uzushi wa watu wasio na kazi. Ukweli ni huu, na kusema kweli ni mbaya zaidi.

Bi. Phelista Nabwile ni nesi mstaafu, anakaa mtaa wa Tuwan, hapa Kitale. Alikuta trekta dogo la bustani limetupwa nyuma ya banda la kuku huko Lugulu, kuku wanaatamia kwenye kiti. Akaliomba, akapewa. Miezi minne alishinda nalo uani kwake. Kutu aliisugua kwa msasa. Pistoni iliyogoma aliiloweka kwenye mafuta taa, akawa anaigonga polepole kila asubuhi akiisemesha, "Amka, mgonjwa wangu." Kabureta aliizibua kwa sindano. Kiti kilichochanika alikishona kwa mshono ule ule aliowashonea akina mama waliojifungua wakati wa kazi yake. Plagi na mkanda alinunua kwa Hamid, muuza spea wa karibu na msikiti, na siku lilipounguruma Hamid aliacha duka wazi akaja mbio kupiga makofi.

Ilikuwa mwanzo wa Machi na mvua ilikuwa njiani. Mama huyo alikuwa na robo tatu ya ekari ya kulima, na mgongo wake ulikuwa umekataa jembe.

Idara ikasikia mngurumo. Nikatumwa.

"Kwa mujibu wa Waraka Nambari Tisa," nikamsomea, "mtambo ukifikisha miaka thelathini umestaafu. Mstaafu harudi kazini bila kibali. Kibali hutolewa na Kamati ya Vibali, ambayo itaundwa."

"Hata mimi nimestaafu," akasema, spana mkononi. "Mbona nalima?"

"Wewe hujasajiliwa kama mtambo."

"Mwanangu, mvua ikinikuta sijalima, mwaka huu sili mahindi yangu. Utaniletea wewe?"

Nilimshauri awasilishe swali hilo kwa maandishi, nakala tatu, nikaondoka na trekta.

Sasa hapa lazima nimweleze Mkurugenzi. Bwana Sirengo ni mzaliwa wa Bungoma, mtu wa kitambi na heshima zake, na mdomoni mwake L na R hubadilishana viti zinavyotaka. Si dhambi. Lakini alikuwa ametoa waraka kwamba barua zote zichapwe anavyozitamka, neno kwa neno, na mwingine kwamba hati yenye muhuri haikosei.

"Andika," akaniambia. "Hati ya Kupokea. Kitu: trekta hiri moja. Kutoka kwa: Phelista Nabwile. Mahari: Idara ya Mitambo Kongwe, Kitale."

Kompyuta iliipigia "hiri" mstari mwekundu, ikairekebisha yenyewe. "Mahari" haikupigiwa mstari wowote. Mimi ni nani nibishane na kompyuta? Mkurugenzi akatia saini, akagonga muhuri mara mbili, maana anapenda ile sauti. Nakala moja ikaenda Tuwan.

Kesho yake trekta lilipakiwa kwenye pikapu hadi shambani kwa Mkurugenzi, Chwele, kwa majaribio ya usalama. Usalama wake ulijaribiwa ekari mbili. Nikaandika kwenye rejista, kwa sababu mimi huandika kila kitu.

Alhamisi iliyofuata tukasikia vigelegele langoni. Bi. Phelista alikuwa mbele, amevaa kitenge kipya na kukumbatia kuku. Hamid alikuwa kando yake na kanzu iliyonyooshwa. Majirani wakafuata.

"Hodi, wakwe!" Hamid akaita. "Mimi ndiye mshenga."

"Wakwe gani?" Mkurugenzi akauliza.

Hamid akafungua hati. "Kitu, trekta hili moja. Mahari, Idara ya Mitambo Kongwe. Saini hii hapa. Muhuri mbili, bana! Tumetoa, mmepokea. Msichana wetu yuko wapi?"

"Kwetu mahari ni ng'ombe kumi na tatu," akaongeza Bi. Phelista. "Hilo trekta lina nguvu za farasi kumi na mbili. Nimeongeza kuku, isiwe aibu."

Idara nzima ina mwanamke mmoja tu, Jepkorir wa mapokezi. Macho yote yakamgeukia.

"Msinitazame!" akasema Jepkorir. "Mimi nina mume na watoto watatu. Na mume wangu alileta ng'ombe wazima, wenye pembe."

Mkurugenzi akasimama, jasho linamtoka. "Haya ni makosa ya kuandika! Mimi sikusema mahari! Nirisema mahari!"

"Tumesikia, mkwe," akasema Hamid kwa upole.

"Siyo mahari! Mahari! Mahari pa kuweka kitu!"

"Si tumeweka," akasema Bi. Phelista.

Mkurugenzi akanigeukia, "Kipkemboi, waambie!" Nikamkumbusha kwa unyenyekevu kwamba waraka wake unanikataza kubadilisha neno lolote alilotamka, na kwamba hati yenye muhuri haikosei. Njia pekee ya kuifuta ni kupitia Kamati ya Vibali, ambayo itaundwa.

"Basi chukueni trekta renu!" akafoka.

"Tutachukua," akasema mama. "Lakini mahari ikirudishwa hurudi na ndama wake. Unajua mwenyewe, ni mambo ya kwetu."

"Trekta rinazaa?"

Nilifungua rejista. Ni wajibu wangu. "Chwele, ekari mbili," nikasoma.

"Ndama ndio hao," akasema Hamid. "Nasi atulimie ekari mbili." Mkurugenzi alinikodolea macho. Tangu siku hiyo kiti changu hakizunguki.

Basi Jumamosi Mkurugenzi alikuwa Tuwan juu ya trekta, tai ameitupa begani, amekalia ule mshono. Mawingu yalikuwa yameshuka Mlima Elgon. Robo tatu ya mama ilikwisha kabla ya adhuhuri, na kilichobaki cha zile ekari mbili mama alikigawia majirani, nao wakapanga foleni kwa adabu, kila mmoja na jembe lake ambalo halikuwa na kazi siku hiyo.

Nilisimama kando ya Bi. Phelista kwa niaba ya Serikali. "Mama," nikamnong'oneza, "kwani hukujua alimaanisha mahali?"

"Mimi mtu wa Chwele kama yeye, mwanangu. Ningekosaje kujua?" Alikuwa akilitazama trekta lake, machozi yakimlengalenga, na alikuwa akicheka. "Lakini muhuri ni muhuri."

Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye rejista yangu. Mkurugenzi akasimamisha trekta, akapangusa uso kwa tai.

"Mama, nirime mpaka wapi?"

"Kila mahari, mkwe," akajibu Bi. Phelista. "Kila mahari."

Nikaandika hivyo hivyo, neno kwa neno.