Meza ya Delmar, Nyepesi Kama Mkate

Katika mji mzima wa Brekken, Montana, hakuna fundi anayemfikia Delmar Stovall. Nani kasema? Delmar Stovall!

Wanaume wa huko hujaza risasi zao wenyewe nyumbani: ganda lililokwisha kupigwa hutiwa baruti na kichwa kipya, kisha hushindiliwa kwa mashine ya mkono. Delmar alikuwa akijazia zake juu ya meza ya chakula, huu mwaka wa tatu. Mashine ya kushindilia ilikazwa pale pale, jirani na chumvi, na mkewe Arlene alikula sahani ikiwa mapajani kama mtu aliyekuja msibani.

Wiki ya Sikukuu ya Shukrani, Arlene akachoka.

"Mama anakuja Alhamisi. Hawezi kula bata mzinga wa sikukuu mapajani! Toa mitambo yako hapa, la sivyo kaka yangu Orrin anaibeba yote mpaka gerejini kwake."

Orrin! Delmar alikuwa radhi ang'olewe magego kuliko kuiona mashine yake mikononi mwa shemeji yule.

"Nipe siku tatu tu, mke wangu. Nakuundia meza ya kukunja. Unaifungua, unashindilia, unaikunja, unaisukumia chini ya kitanda. Hata jeshi litakuja kuniiga!"

Na kweli, jamani, meza ikatoka! Miguu ya bomba jembamba, bawaba sita, mpini wa sanduku la safari. Delmar aliitembeza mtaani kwa kidole kimoja ili majirani waone.

Alhamisi asubuhi Orrin akafika na pikapu, injini hakuizima. Arlene akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Maganda ishirini," akasema. "Matupu, baruti sitaki kuiona leo. Ukiyapitisha yote kwenye mashine bila kunivurugia nyumba, mitambo inabaki."

Delmar akakaza mashine juu ya meza yake mpya, akatia ganda la kwanza, akavuta mkono wa mashine kwa mbwembwe.

Mkono ulishuka kidogo, meza nzima ikamfuata! Iliinua miguu ya nyuma ikamlalia kifuani, na maganda yakamwagika zuliani kama maharage.

"Imekupenda," Orrin akasema. "Nianze kupakia, shemeji?"

"Subiri! Bado inazoea sakafu!"

Akayaokota maganda, akavuta tena. Meza ikaruka hatua moja. Akavuta tena na tena, na alipoinua macho akajikuta jikoni, yeye na meza yake, wamesimama mbele ya jiko. Jasho lilimtoka. Orrin akaanza kukunja mikono ya shati.

Ndipo akaingia mama mkwe, Bi Hulda, hoi kwa safari ya mwendo wa saa sita. Alikuwa mama wa kushiba, mwenye uzito wa pauni mia tatu bila koti. Akaona ubao mpana unamsubiri.

"Mkwe wangu, umenitengenezea na benchi! Mungu akubariki."

Akaketi. Bawaba zikalia, miguu ikatanuka, kisha meza ikatulia tuli.

Delmar akavuta mkono wa mashine. Meza haikutikisika hata chembe!

"Mama, nakusihi, usiinuke!"

"Niinuke niende wapi, na goti hili?"

Moja, tano, kumi na mbili! Bi Hulda akitafuna biskuti na kusimulia habari za goti, Delmar akivuta. Ishirini! Orrin akaenda kuzima injini, amenuna.

"Nilisema nini mimi?" Delmar akapiga kelele. "Mashine haitoki hapa!"

"Haitoki," Arlene akakubali. "Ila Mama akirudi kwake Jumatatu, nani atakukalia meza?"

Bi Hulda akapangusa makombo taratibu.

"Nani kasema narudi? Mtoto wa watu ananihitaji. Orrin, gari si unalo? Kaniletee vitu vyangu."

"Na paka wote wanne, Mama?"

"Wote. Na kinanda."