Historia Yangu ya Siku ya Sabato

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Namshukuru Mungu kwa pumzi, kwa chai ya mama na kwa stima ambayo leo haijapotea. Habari kubwa! Mzee Masese, mzee wa kanisa letu hapa Manga na mkubwa wa mradi wetu, ametangaza kwamba Jumatano atachagua mlinzi wa tawi kuu. Mradi wenyewe ni programu ya simu ya nyimbo na masomo ya makambi, ile mikutano yetu mikubwa ya kila mwaka. Kila mmoja wetu ana tawi lake, yaani nakala ya kufanyia kazi bila kuvuruga wengine. Kazi ikikaguliwa inaunganishwa na tawi kuu, na hilo ndilo linaloingia kwenye simu za waumini. Atakayelilinda atapanda jukwaani makambini, mbele ya makanisa yote. Lazima niwe mimi. Mama ameshawatangazia wanawake wa soko la Ekerenyo.

Tatizo ni Persis, mwenzetu kwenye mradi. Ameajiriwa kuandika programu ofisini Kisii mjini, na kazi yake ni safi mpaka inaudhi. Tawi langu halijaungana na lolote tangu Mei. Limekuwa msitu. Ameniandikia kwa upole nilikate vipande vidogo vidogo, naye avikague kimoja kimoja. Nikamshukuru. Vipande vidogo! Mtu wa vipande vidogo hapandi jukwaani.

Ijumaa, 8 Agosti

Wazo! Leo jua likizama Sabato inaanza, na Wasabato wote wanafunga kompyuta. Mimi pia ni Msabato, lakini hii ni dharura. Kesho hakuna wa kunikagua, nitaliunganisha tawi langu mwenyewe. Nimempigia Mzee Masese kumwambia tumbo linanisokota, sitafika kanisani. Akaniombea papo hapo kwenye simu. Aliomba sana, akataja utumbo mkubwa na mdogo. Niliguswa kweli. Nikaitikia amina kwa sauti ya mgonjwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Asante kwa utulivu! Nyumba nzima imeenda kanisani. Nimeunganisha tawi langu lote na tawi kuu. Mahali ambapo mimi na Persis tulibadilisha mstari uleule, mashine iliuliza ibaki kazi ya nani. Yangu. Yangu. Yangu. Programu ikakataa kufunguka. Nikarekebisha, nikahifadhi, ikakataa tena. Kila unapohifadhi, yaani kila commit, unatakiwa uandike maelezo mafupi. Niliandika "Sasa ndiyo". Kisha "Bado". Kisha "Mungu saidia". Ikafunguka! Kutafuta wimbo kwa namba, kazi yangu ya miezi, sasa iko kwenye tawi kuu. Kwaya ilisikika kutoka ng'ambo ya mlima. Moyo uliniuma kidogo, nikafunga dirisha.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekwisha! Nilikuwa na kikombe mkononi nilipokumbuka kwamba kila Jumapili jioni Mzee Masese husoma historia ya mradi, yaani orodha ya kila kilichohifadhiwa, kama gazeti. Kuandika programu hajui, ila majina na saa anasoma vizuri. Na kila commit ina jina, siku na saa! Ogeto, yaani mimi, Jumamosi, saa nne na robo asubuhi. Wakati huo waumini walikuwa wamepiga magoti kwa ajili ya tumbo langu.

Nikaingia mtandaoni. Kumbe tarehe za historia zinabadilishwa! Nikazifanya zangu kuwa za Jumatatu. Nikatulia. Kisha nikaona kwamba Jumatatu ni kesho. Nikazirudisha nyuma hadi Alhamisi. Mashine ya mradi ikaikataa historia yangu mpya kwa kuwa hailingani na iliyopo. Kuna amri ya kuisukuma kwa nguvu, ichukue nafasi ya iliyopo. Nikaisukuma. Ikakubali, sifa kwa Bwana!

Ndipo nikaona. Asubuhi hii Persis alikuwa ameweka masomo yote ya makambi kwenye tawi kuu. Nakala yangu haikuwa nayo. Sasa tawi kuu pia halina.

Jumatatu, 11 Agosti

Waumini wanafungua masomo, wanaona ukurasa mweupe. Mzee akapiga. Nikasema ni mtandao wa huku Manga. Persis akapiga. Sikuwa na uongo uliobaki. Akaniambia nisiguse kitu. Kumbe kila mmoja wetu ana historia nzima kwenye mashine yake, na yake ilikuwa kamili. Akairudisha yote kabla sijamaliza kulia. Nililia kweli. Ameniokoa, na hakuniita mjinga, ingawa nilisikia akivuta pumzi.

Lakini yote ni yote. Jumamosi yangu nayo imerudi! Nikamsihi aifiche. Akasema historia ikishafika kwa wengine haichezewi, hata ingekuwa yake. Nikamshukuru tena, meno yakiwa yamekazana.

Jumatano, 13 Agosti

Mkutano. Mzee Masese akavaa miwani, akasoma kwa sauti yake ya mimbarini. Jumamosi, saa nne na robo, Ogeto: "Sasa ndiyo." Saa nne na nusu, Ogeto: "Bado." Saa tano, Ogeto: "Mungu saidia." Akavua miwani, akasema anafurahi kwamba angalau niliomba siku ya Sabato. Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Nikatamani ardhi inimeze. Persis ndiye aliyechaguliwa.

Kisha yeye huyohuyo akasimama kunitetea! Akasema kutafuta wimbo kwa namba ni kazi nzuri, itawafaa sana akina mama wazee, nisifukuzwe. Ila kuanzia leo hakuna anayeunganisha chochote bila kukaguliwa. Mzee akanishika bega. "Mwana one, mwanangu, tumbo limepona?" Nikasema limepona. "Mbuya mono," akasema, yaani vizuri sana. Nani mwingine angenivumilia hivi? Nawashukuru kwa moyo wote.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeamka na shukrani. Nimesamehewa, nimebaki kwenye mradi, na nimejifunza: kosa halikuwa Sabato, lilikuwa jina. Persis ametangaza kwamba baada ya makambi atachagua msaidizi, yule ambaye historia itaonyesha amefanya kazi kubwa kuliko wote. Nina tawi jipya, kubwa, linalohitaji siku moja tulivu. Jirani yangu Thadeus ni Mkatoliki, ana kompyuta, na Jumamosi kwake ni siku ya kufua. Nimemwombea aingizwe kwenye mradi, na Persis amefurahi kupata mtu mpya. Keshokutwa nitafanya kazi kwake, kwa mashine yake na jina lake. Historia itasoma Thadeus, Thadeus, Thadeus, asubuhi hadi jioni, na mimi hakuna atakayeniuliza kitu.

Amekubali bila hata kuuliza sababu. Namshukuru Mungu kwa jirani asiyetaka makuu.