Jogoo Wangu na Kidonge cha Koo

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mama mkwe anakuja mwisho wa mwezi. Acen, mke wangu, kanitangazia huku akisonga posho, yaani ugali, kwa sauti ya hakimu anayesoma hukumu. Mama anataka jogoo niliyemfuga mwenyewe. Si wa kununua! Mwaka jana niliazima jogoo wa Obonyo, jirani yetu Mkenya, nikaapa ni wangu. Tulipomfungua kamba, akaenda zake moja kwa moja hadi banda la Obonyo. Mama alicheka tu. Aibu ile bado ninayo.

Jogoo wangu yupo, ila mwembamba. Na mama mkwe hupima nyama kwa kumbonyeza jogoo kifuani kwa kidole gumba. Hadanganyiki.

Lakini leo nimepata njia. Nilikwenda kliniki kuchukua vidonge vyangu. Tezi yangu ya koo ni mvivu, haitoi homoni ya kutosha, kwa hiyo nameza kidonge kila asubuhi kabla ya chai. Nikamuuliza Sista Benedicte kazi ya hiyo homoni hasa ni nini. Akasema inaingia katika seli zote za mwili na kuziambia zichome chakula kwa kasi gani. Tena mtoto akiikosa, hakui vizuri. Akaendelea na mengine, lakini mimi nilikuwa nimeshasikia la maana. Inakuza!

Mimi nimeshakua zamani. Kidonge kitamfaa zaidi jogoo.

Alhamisi, 13 Novemba

Kila asubuhi nasaga kidonge changu, nachanganya na pumba na dagaa. Jogoo anakula kama kuruta aliyetoka mafunzoni. Akimaliza anadai tena. Dalili nzuri sana. Hatulii, anawika mchana kutwa, anamfukuza paka wa Obonyo. Kifua bado. Nadhani nyama huanzia ndani.

Kampala imepoa mwezi huu. Nimevaa koti zito kazini, getini kwenye gesti ya Kabalagala ninayolinda. Meneja aliniuliza kama naumwa. Mwenyewe alikuwa akijipepea kwa gazeti! Watu wengine hawaijui hali ya hewa.

Jumamosi, 22 Novemba

Msiba! Jogoo ananyonyoka manyoya. Shingo tupu, mgongo tupu. Obonyo alichungulia uani akasema, "Afande, hii kuku yako inaenda kuoga?" Nikamjibu ni aina mpya kutoka ng'ambo. Akauliza ng'ambo ipi. Nikafunga mlango wa banda. Ulimi mzito siku hizi.

Uso umevimba. Viatu vinabana. Nimesinzia getini nikiwa nimesimama, mgeni akapiga honi mpaka akashuka kufungua geti mwenyewe. Meneja kasema nikirudia, nitafute kazi nyingine. Nyumbani Acen akanishika mkono, akasema nina baridi kama samaki wa sokoni. Akauliza kama dawa natumia. Nikasema dawa inatumika kila siku. Si uongo. Akalia hata hivyo, anaogopa nitamfia. Nilimwonea huruma sana, nikaamua kumwongezea jogoo kidonge cha pili ili jambo hili liishe haraka.

Jumapili, 30 Novemba

Mama mkwe, Mama Ayoo, kafika. Akaomba aonyeshwe jogoo. Nikafungua banda. Jogoo akatoka mbio, uchi, akazunguka ua mzima, tukamkimbiza. Yaani Acen na Obonyo ndio walimkimbiza. Mimi nilikaa juu ya ndoo, miguu imegoma. Mama akamdaka mwenyewe, akabonyeza kifua. Mfupa. Akanigeukia, akanibonyeza shavu kwa kidole kile kile.

"Acen," akasema, "hapa aliyenona ni huyu bwana. Tumchinje nani?"

Obonyo alicheka mpaka akashika ukuta. Acen hakucheka. Aliinua bakuli la jogoo, akakuta ndani kipande cha kidonge changu. Hakupiga kelele. Alikaa chini, akaliweka bakuli mapajani. Hilo liliniuma kuliko matusi. Tukaazima tena kuku wa Obonyo, safari hii tukamla.

Jumanne, 2 Desemba

Sista Benedicte kanifokea mbele ya wagonjwa wote. Homoni ikizidi, mwili unachoma kila kitu, hata nyama yake wenyewe. Ikipungua, kila kitu kinazubaa, hata moyo. Eti jogoo nimemchoma na mimi nimejizima. Ningeendelea hivyo, siku moja nisingeamka. Acen alinishika mkono njia nzima kurudi nyumbani Kisugu. Nikamwapia kwamba kila asubuhi nitameza dawa mbele ya macho yake. Niliapa kwa moyo wote.

Mama kaondoka kwa basi la Gulu. Kaniachia kifaranga, akasema atarudi Pasaka kumbonyeza kifua.

Nimekaa nikafikiri, na kosa langu sasa nimeliona. Sista alisema mtoto! Jogoo alikuwa mtu mzima, angekua kwenda wapi? Huyu kifaranga ndiye mtoto. Na kiapo nitakitimiza. Kesho kabla ya chai nitameza dawa, Acen akiniangalia. Nusu kidonge. Kiapo hakikutaja kizima.

Kifaranga ananitazama kwa njaa. Dalili nzuri sana.